Vipimo safi, mama bado mgonjwa

Karatasi ya rufaa ina mstari mmoja: "Vipimo vyote viko safi. Ana mawazo. Apewe ushauri." Wiki hii nimepokea nyingine kama hiyo, na nimeona sasa niandike. Nyuma ya mstari huo kuna imani inayoumiza wanawake: kwamba ugonjwa ni wa mwili au ni wa akili, kwamba usipoonekana maabara basi ni wa akili, na kwamba ukiwa wa akili dawa yake ni mama kuacha kuwaza.

Tuanze na hivyo "vipimo vyote". Nafungua daftari la huyo mama nakuta malaria, taifodi na mkojo. Basi. Ana mtoto wa miezi mitano (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike). Kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio akibeba ndoo ya maji, usingizi haupati hata mtoto akilala, na anajikuta analia jikoni bila sababu anayoweza kuitaja. Nikashusha kope la chini la jicho, ndani kumepauka kabisa. Tulipopima wingi wa damu ikasoma gramu 7.9 kwa desilita, wakati mwanamke asiye mjamzito tunamtarajia awe na 12 au zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta karibu wanawake 4 kati ya 10 wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Ni kipimo cha kuanza nacho. Upungufu wa damu huchosha, hupeleka moyo mbio, hufanya mtu akereke upesi na ashindwe kukaza fikra. Ukiongeza kunyonyesha usiku kucha, hali inazidi kuwa mbaya.

Tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, nayo husahaulika. Katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, wanawake wachache lakini si haba huvimba tezi hiyo bila hata maumivu ya shingo. Mwanzoni inafanya kazi kupita kiasi: jasho, mikono kutetemeka, wasiwasi. Baadaye inazubaa: uchovu, kuhisi baridi, choo kigumu, huzuni. Ndugu wanaoona mabadiliko hayo husema mzazi amebadilika tabia.

Sasa nakuja kwenye kinachonikera zaidi. Majibu ya damu yalipotoka, mwenzangu mmoja akasema, "Kumbe ni damu, wala si mawazo." Hapana! Mama yule alikuwa na upungufu wa damu na alikuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa. Aliniambia hamhisi mtoto wake kuwa ni wake. Vidonge vya kuongeza damu vitamtoa kwenye ile 7.9, lakini sonona nayo inahitaji matibabu yake, na bila matibabu hayo atavisahau hata hivyo vidonge, kwa sababu mtu mwenye sonona mara nyingi hana nguvu ya kufuata ratiba. Kupata jibu moja maabara hakufuti jibu la pili. Nasema hivi kwa wahudumu wenzangu kuliko kwa wagonjwa, maana wagonjwa hunielewa mara moja.

Na akili nayo hushika mwili kwelikweli. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali inayoitwa takotsubo: mtu anapata msiba au mshtuko mkubwa, kifua kinabana, kipimo cha umeme wa moyo kinafanana na cha shambulio la moyo, lakini mishipa ya moyo haijaziba. Chumba cha kushoto cha moyo kimelegea na kuvimba. Wagonjwa wengi ni wanawake waliokoma hedhi. Hapo huwezi kumwambia mtu maumivu yake ni ya kufikirika.

Vidonda vya tumbo niviguse kwa haraka. Sababu kuu ni bakteria na dawa za maumivu. Lakini mwanamke anayeumwa kichwa kila siku kwa ajili ya msongo, na anayenunua diklofenaki duka la dawa kila siku, anaweza kuvipata kwa njia hiyo.

Vitabu vinapita haraka sehemu moja ambayo mimi inanisumbua. Dodoso la Edinburgh la mwaka 1987, lenye maswali 10 ya kutambua sonona kwa waliojifungua, liliacha makusudi karibu dalili zote za mwili, kwa hoja kwamba kila aliyejifungua karibuni amechoka. Hoja ni nzuri. Lakini wanawake ninaowaona huanza na mwili: kichwani panawaka moto, miguu inakufa ganzi, kuna kitu kinatembea mgongoni. Ukiwauliza huzuni wanasema hawana. Nikitumia dodoso jingine la sonona, la maswali 9, linalouliza uchovu, usingizi na hamu ya kula, karibu kila mama anayenyonyesha anapata alama hata kama hana sonona. Kwa hiyo natumia dodoso, kisha naliweka pembeni na kuuliza: "Mama, siku yako ya jana ilikwendaje, tangu ulipoamka?" Majibu ya swali hilo hayana alama, na wawili kati yetu tunaweza kuyasikia tofauti. Sina kipimo kinachonitosheleza hapo, na mara nyingi siwezi kujua kipi kilitangulia.

Swali moja lililomo katika madodoso yote mawili siliachi kamwe: kama siku za karibuni amefikiria kujidhuru. Ndugu huniomba nisiliulize, wakihofia nitampa wazo. Halimpi wazo. Mwenye mawazo hayo huwa nayo kabla sijafungua mdomo, na wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye mtu kauliza. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata kwa dakika chache, dawa na sumu za shambani ziondolewe ndani, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Kama ananyonyesha, mtoto aende naye, na aende na mtu mzima wa kumshika mtoto huyo.