Daraja la Vijiti, Uzi wa Katani na Ubia wa Shule za Tanga

Katika mashindano ya uhandisi ya shule, kazi ninayopenda kuwapa wanafunzi wa Tanga ni daraja. Kila kundi hupewa vijiti vya lambalamba, gundi ya mbao na uzi wa katani, kwa sharti kwamba daraja liwe na urefu wa sentimita 50 na lisizidi gramu 200. Siku ya shindano daraja huwekwa baina ya meza mbili, ndoo ikaning'inizwa katikati, na mchanga ukamiminwa kidogo kidogo hadi livunjike. Uzito uliobebwa hugawanywa kwa uzito wa daraja lenyewe, hivyo daraja la gramu 200 lililobeba kilo 18 hupata alama 90, na la gramu 150 lililobeba kilo 15 tu hulishinda kwa kupata 100. Kwa hesabu hiyo, kurundika vijiti hakumsaidii mtu.

Mara nyingi kijiti hubaki kizima, ila kiungo ndicho huachia. Hapo ndipo wanafunzi wanapoona kwa macho yao kwamba umbo la mraba likisukumwa hulala ubavu, ilhali pembetatu haibadiliki umbo mpaka ubavu wake mmoja urefuke, ufupike au ukatike. Ndiyo maana madaraja mengi ya chuma ya reli yamejaa pembetatu. Uzi wa katani nao una somo lake. Mkonge uliletwa kwetu na mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, mwaka uleule ujenzi wa reli ulipoanza hapa mjini, na watoto wengi wa mkoa huu wameuona shambani kabla ya kuuona kitabuni. Lakini katani hufyonza unyevu, na gundi ya kawaida ya mbao hulegea ikilowa, kwa hiyo huwauliza kama daraja lililofaulu juzi kukiwa kukavu litafaulu leo baada ya mvua ya usiku kucha. Kundi lenye daftari la majaribio huwa na jibu, na lisilo nalo huanza kutupiana lawama.

Kwangu, somo la uongozi huanzia kwenye lawama hizo. Shule nyingi huchukulia shughuli za uongozi kuwa haki ya kaka mkuu, dada mkuu na viranja, ambao hupelekwa semina ya siku moja na kurudi na fulana. Lakini katika kundi la watu watano, mchoraji, mjenzi, mpimaji, mtunza daftari na msemaji hubadilishana kazi kila wiki, na jaji humhoji yeyote amtakaye, si yule mwenye sauti kubwa. Nimemwona binti mkimya wa kidato cha pili akisimamisha kazi ya kundi zima kwa sababu vipimo vya daftarini havikulingana na vya mezani, na walimsikiliza.

Hakuna shule inayoyamudu haya peke yake. Shirika la FIRST, linaloendesha mashindano ya roboti kwa vijana na lililoanzishwa na mvumbuzi Dean Kamen nchini Marekani mwaka 1989, lilishirikiana na kampuni ya LEGO mwaka 1998 kuanzisha mashindano ya roboti kwa watoto wadogo zaidi. Young Scientists Tanzania, ambayo huwakutanisha wanafunzi wa sekondari na tafiti zao, ilifuata mfano wa maonyesho yaliyoanza Ireland mwaka 1965. Hapa jijini tunayo STEM Park, bustani ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati iliyotokana na ushirikiano wa Halmashauri ya Jiji na shirika la Projekt Inspire, ambako mwanafunzi hushika vifaa kwa mikono yake.

Hata hivyo, ubia huweza kufa kimyakimya. Niliwahi kurudi katika shule moja mwaka mmoja baada ya shindano na kukuta maboksi ya roboti kabatini, betri zimevimba, na mwalimu mlezi aliyekuwa na ufunguo amehamishwa. Mfadhili alikwisha kupiga picha zake. Tangu hapo sisaini hati ya makubaliano isiyotaja walimu walezi wawili, mahali vifaa vitakapokaa, atakayelipia gundi na betri mwaka wa pili, na mhandisi atakayefika shuleni walau mara moja kwa mwezi. Bandari, viwanda vya saruji na vituo vya umeme vya Hale na Pangani vina wahandisi. Saa mbili za mmoja wao zina thamani kuliko bango la udhamini.

Kwa mkuu wa shule anayetaka kuanza, barua ziandikwe Januari na makundi yaundwe Februari, yakichanganya mikondo na jinsia. Shindano lifanyike Julai au Agosti, kwa kuwa kuanzia Septemba kidato cha pili na cha nne huwa wamezama katika maandalizi ya mitihani ya taifa. Mchanga wa ndoo uchekechwe na kukaushwa mapema, kwani mchanga wenye majimaji hudondoka kwa mabonge, nalo bonge moja huweza kulivunja daraja kabla ya wakati wake.