Kipeo cha nusu siyo nusu ya namba

Kuna dhana naikuta kila mwaka kidato cha pili, haikosi: eti 16^(1/2), yaani 16 yenye kipeo cha nusu, ni 8. Ukimuuliza mwanafunzi kwa nini, anakwambia si nusu ya 16 mwalimu? Na mimi simlaumu, tangu akiwa mdogo kafundishwa nusu ni kugawa kwa mbili, leo nusu imepanda juu ya namba eti imekuwa kitu kingine.

Jibu ni 4. Siku hizi kanuni siitangulizi, naandika ubaoni 16^(1/2) × 16^(1/2) halafu nanyamaza. Namba inayofanana ukizidisha unajumlisha vipeo, hiyo wanayo tayari, nusu na nusu ni moja kwa hiyo tunapata 16^1 yaani 16. Haya, namba gani ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe inatoa 16? Yule wa 8 anajaribu 8 × 8 anapata 64, anacheka mwenyewe. Kumbe ni kipeuo cha pili kile kile wanachokijua. Hata Newton, yule mwanahisabati Mwingereza, kwenye barua yake ya 1676 aliandika hivyo hivyo, badala ya √a anaweka a^(1/2).

Nyingine ni kwamba 27^(2/3) lazima uanze na ile 2 ya juu. Nani kasema? 27 × 27 ni 729, sasa kaa utafute kipeuo cha tatu cha 729 kichwani. Anza na ile 3 ya chini, kipeuo cha tatu cha 27 ni 3, halafu ile 2 ya juu, 3 × 3 unapata 9, umemaliza.

Hapo mwanafunzi mmoja anadakia: "Lakini kalkuleta imenipa 243!" Kalkuleta haijakosea, umeiandikia 27^2÷3 bila mabano nayo ikapandisha kipeo kwanza, 729, ndo ikagawa kwa 3. Weka mabano kwenye 2÷3 uone.

4^(-1/2) wanaandika -2. Hapana, hasi ya kwenye kipeo inapindua namba tu, 4^(1/2) ni 2, ukiipindua jibu ni 1/2.

Na √9 kuwa 3 au -3, hii hata sisi walimu tumeshabishana ofisini mpaka chai ikapoa. Mlinganyo x² = 9 ndo una majibu mawili. Alama √ yenyewe inachukua lile chanya tu, 3, ukitaka la hasi unaandika mwenyewe -√9.