Baada ya Stenti ya Ubongo, Kiharusi Kinaweza Kutokea Wapi?

Hapa Moshi ninawahudumia wagonjwa waliorudi kutoka Dar es Salaam au nje ya nchi, wakiwa wamewekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma, kwenye mshipa wa ubongo kwa sababu ya anurizimu, yaani kifuko kinachotuna kwenye ukuta wa ateri. Ndugu zao huniuliza: "Daktari, kama kifuko kimeshazibwa, kiharusi kitatoka wapi tena?"

Ikiwa kifuko kilikuwa kimepasuka, damu iliyomwagika kuuzunguka ubongo huichokoza mishipa kwa nje hadi ikabana, na ubongo ukakosa damu ya kutosha. Hatari hii huanza kati ya siku ya tatu na ya nne baada ya kifuko kupasuka, huwa kali zaidi katika wiki ya kwanza kuelekea ya pili, kisha hupungua. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa iitwayo nimodipini, miligramu 60 kila baada ya saa nne kwa siku 21. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1989 ulionyesha kuwa dawa hiyo hupunguza kufa kwa sehemu za ubongo kwa takriban theluthi moja. Dozi inayorukwa sana ni ile ya saa kumi alfajiri, kwa kuwa ndugu humwonea huruma aliyelala. Nawasihi mwamsheni. Shinikizo la damu likishuka, sisi huigawa dozi kuwa miligramu 30 kila baada ya saa mbili kabla ya kufikiria kuiacha. Wala msimnyime maji, kwani wagonjwa hawa hupoteza chumvi na maji mengi kwa mkojo, na damu ikipungua mwilini, mshipa uliobana hupitisha kidogo zaidi.

Stenti nayo ina hatari yake, hata kwa ambaye kifuko chake hakikupasuka. Ni chuma, na chembe sahani, yaani chembe zinazogandisha damu, hung'ang'ania juu yake na zinaweza kufanya donge linaloziba mshipa, mpaka utando wa mshipa uifunike stenti, jambo linalochukua miezi. Kwa hiyo aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia chembe hizo kugandamana, hutumiwa pamoja, mara nyingi kwa miezi mitatu hadi sita, kisha aspirini huendelea peke yake kwa muda mrefu. Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu mgonjwa huacha dawa eti anang'oa jino, au hununua omeprazoli duka la dawa kwa ajili ya kiungulia bila kujua kwamba inaipunguzia klopidogreli nguvu. Tuulizeni kwanza, kwa kiungulia pantoprazoli kwa kawaida hufaa zaidi.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika au mgonjwa akisinzia isivyo kawaida, mleteni hospitali saa hiyo hiyo, pamoja na dawa zake zote na karatasi inayoonyesha tarehe aliyowekewa stenti.