Kuzoea si kurithi

Kwenye daftari la sayansi la mpwa wangu nimekuta sentensi hii, imewekewa alama ya vema: "Mdudu huyu amezoea kutembea juu ya maji kwa sababu ana miguu mirefu yenye vinyweleo." Redioni nimeshaisikia, kwenye vitini nimeshaisoma. Anayesemwa ni yule mdudu mwembamba anayeteleza juu ya dimbwi bila kuzama. Kwa miguu yake hakuzoea chochote. Alitoka nayo kwenye yai.

Kuzoea ni kiumbe mmoja kubadilika, katika uhai wake mwenyewe, kwa kurudiwa na jambo lile lile. Kilichojengeka vizazi kwa vizazi ni urithi.

Neno lenyewe lingetosha kutuonya. Kutoka zoea tumepata mazoea, mazoezi, uzoefu, na kuzoeza tunakomfanyia ng'ombe wa kulima. Kote humo mna kurudia, tena anayerudia ndiye anayebadilika. Nikikimbia kila alfajiri pumzi yangu inaongezeka. Mwanangu atakayezaliwa ataanza upya na pumzi yake. Ndiyo maana nasikitika neno hili likibebeshwa mamilioni ya miaka. Linapoteza kile kilicho chake peke yake, halafu tukikutana na mdudu aliyezoea kweli tunakosa namna ya kumsema.

Na yupo, tena ni huyu huyu. Samaki akimjia kutoka chini, anaruka wima. Miguu ya kati na ya nyuma inabonyeza uso wa maji, nao unabonyea kama shuka iliyowambwa, kisha unamrusha. Akisukuma polepole mno, haruki juu vya kutosha. Akisukuma kwa kasi mno, uso unapasuka, miguu inazama, nguvu inapotelea majini. Mwaka 2016 watafiti wa Seoul, Korea Kusini, walionyesha kwamba kasi inayofaa hutegemea uzito wa mwili na urefu wa miguu, na kwamba wadudu hawa hupiga karibu na kasi hiyo.

Lakini uzito haukai pale pale. Jike hujaa mayai, na wakati wa kujamiiana humbeba dume mgongoni. Kipimo cha jana leo hakifai.

Hapo ndipo jaribio jingine la huko Korea lilipoingia: majike waliongezewa kizigo kidogo mwilini. Waliorushwa mara nyingi wakiwa na mzigo walirekebisha namna ya kusukuma maji. Wenzao walioubeba bila kurukaruka hawakurekebisha hivyo. Hili nalirudia kwa makusudi, kwa maana wengi hudhani kukaa na jambo ndiko kulizoea. Mzigo ulikuwa ule ule. Kilichowatenganisha ni mazoezi. Na hata uwezo wa kujirekebisha nao una asili yake katika urithi, ila kipimo chenyewe kila jike alikipata kwa kuruka.

Alama ya vema sikuifuta. Mwalimu ana watoto wengi wa kusahihishia. Chini yake niliandika kwa penseli, mpwa wangu akiangalia: "Miguu ya kutembea juu ya maji ameirithi. Kuruka akiwa mzito ndiko anakozoea."