Paneli za jua si hatua ya kwanza

Wengi wakisikia sera ya nishati kwa majengo ya umma, wazo la kwanza ni paneli za jua kwenye paa. Huko ni kuanzia mwisho: jengo linalopoteza umeme litadai paneli nyingi kuliko linavyohitaji.

Anza na mita. Isome saa 2 usiku, watu wakishaondoka, kisha saa 11 alfajiri. Tofauti ya namba hizo ni umeme ulioliwa na ofisi tupu: taa za korido, viyoyozi vilivyosahauliwa, kompyuta zilizoachwa zikiwaka. Hapo hakuhitajiki zabuni, anahitajika mtu wa kuzima (na mipango mingi, kwa maoni yangu, humsahau huyo).

Feni kubwa za kusukuma hewa nazo, ukipunguza kasi kwa asilimia 20, matumizi hushuka hadi karibu nusu.