Ekzosi mpya kwenye CG 150: kazi yenyewe iko kwenye kabureta

Ekzosi ya wazi ikifungwa leo, mlio unabadilika leo leo, na mwenye pikipiki anaondoka akiamini amepata nguvu. Kisha dalili zinaanza. Ukiachia mafuta inapiga risasi, silindahedi inachemka, na mlima iliokuwa ikiupanda kwa gia ya tatu sasa inaomba ya pili. Mara nyingi ekzosi yenyewe haina kosa. Kilichosahaulika ni kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli: injini inavuta hewa nyingi zaidi, lakini petroli inayoipata ni ile ile ya jana.

Maelezo haya ni ya injini ya CG 150, ile iliyo kwenye SanLG, Fekon, T-Better na pikipiki nyingi za Kichina za bodaboda. Ukoo wake ni CG125 ya Honda ya miaka ya 1970. Silinda ina kipenyo cha milimita 62, pistoni inasafiri milimita 49.5, jumla cc 149 na kidogo. Kabureta yake ya kawaida ni PZ27, yaani mdomo wa upande wa injini una milimita 27.

Kwanza hakikisha injini ni nzima. Asubuhi, ikiwa baridi, ipeleke pistoni juu kabisa kwenye alama ya T, valvu zote mbili zikiwa zimefunga, upime tapeti, yaani uwazi wa valvu: fila geji (bamba jembamba la kupimia) ya milimita 0.08 ipite ikikwaruza kidogo, ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi sawasawa. Tapeti iliyobana haiachi valvu ikae vizuri, na mgandamizo unavuja. Plagi ikitoka nyeusi yenye oili, acha habari za ekzosi, fungua silinda uangalie ringi na sili za valvu. Hakuna bomba linaloponya ringi zilizokwisha.

Bomba

Utasikia ikisemwa kwamba lazima ekzosi iibane injini ndipo iwe na nguvu. Sivyo inavyofanya kazi. Moshi ukipita kwa kasi kwenye bomba lenye upana unaofaa, unaacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo unafyonza moshi uliobaki kwenye silinda katika ule muda mfupi ambao valvu zote mbili ziko wazi. Nafasi hiyo inachukuliwa na mchanganyiko mpya. Bomba likiwa pana mno moshi unalegea na mvuto unapotea, hasa kwenye resi ndogo, yaani injini ikizunguka polepole. Na anayebeba mshikaki (abiria zaidi ya mmoja) au gunia la mkaa anashinda kutwa kwenye resi ndogo. Ndiyo maana bomba fupi lililokatwa chini ya injini linalia sana na kuvuta kidogo.

Kwa hiyo baki na urefu wa bomba la mbele ule ule wa kiwandani. Kipenyo cha ndani kisizidi tundu la moshi la silindahedi kwa zaidi ya milimita mbili au tatu. Mabomba mengi ya kiwandani yana ngozi mbili: kwa nje yanaonekana manene, kwa ndani ni membamba, basi usipime kwa macho.

Sasa chungulia ndani pale flenji, bamba la kufungia bomba kwenye silindahedi, ilipolehemiwa. Mara nyingi kuna kivimbe cha kulehemu kimezunguka kwa ndani kama pete. Kivimbe cha milimita 2 kikizunguka tundu la milimita 28 kinaacha tundu la 24, na hapo umepoteza zaidi ya robo ya njia ya moshi. Chukua tupa ya duara, kipunguze mpaka kidole kipite bila kukwama, kisha usafishe unga wote wa chuma. Hii ni kazi ya nusu saa isiyohitaji kununua kitu, na mimi naiweka mbele ya ekzosi yoyote ya dukani.

Upande wa nyuma, ekzosi nzuri ya kupunguza mlio ina bomba lenye matundu madogo, limezungushiwa pamba ya kioo, ndani ya kopo. Moshi unapita moja kwa moja, mlio unamezwa na pamba. Usiweke nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zinaungua na kutoka vipande vipande. Kutoboa ekzosi ya kiwandani kwa nondo ni kuharibu tu: zile kuta za ndani zikishalegea zinacheza, zinaziba njia, na watoto wa mtaa mzima wanaamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya nguvu ambayo haipo.

Wakati wa kufunga, weka ringi mpya ya shaba. Shika nati za flenji kwa mkono, shika na boliti ya kwenye fremu bila kuikaza, halafu kaza nati mbili za mbele kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule. Boliti ya fremu iwe ya mwisho. Ukianza na ya nyuma, bomba linabaki limepindwa kwa nguvu, na mtikisiko wa barabara ya vumbi utalipasua penye weldi.

Jeti

Jeti ni kipande kidogo chenye tundu la kupitisha petroli. Kabureta ina jeti ndogo inayolisha silensa (injini ikiunguruma bila kuvutwa mafuta) na mwanzo wa kuvuta mafuta, mpaka kama robo ya mshiko. Kuanzia robo hadi robo tatu anayetawala ni sindano. Robo tatu hadi mwisho ni jeti kubwa. Ukilijua hili hutabadili jeti kubwa kutibu ugonjwa wa silensa, kosa ambalo naliona mno. Weka alama tatu za utepe kwenye mshiko wa mafuta, robo, nusu na robo tatu, ili ukiendesha ujue tatizo liko wapi.

Namba ya jeti kubwa imegongwa juu yake. Kwenye aina hii, namba 100 ni tundu la karibu milimita 1.00. Toka 100 kwenda 105 inaonekana ni hatua ndogo, lakini eneo la tundu limeongezeka kama asilimia 10. Basi panda hatua moja moja. Kwa ekzosi ya wazi kiasi na chujio la hewa la kiwandani, mara nyingi hatua moja inatosha, mbili zikizidi. Nunua jeti za mtengenezaji mmoja, kwa sababu 105 ya huyu na 105 ya yule hazilingani, na nenda dukani na jeti ya zamani mkononi ili kichwa na uzi vifanane. Jeti isichokonolewe kwa waya wa chuma. Ipulize kwa upepo, au tumia unywele mmoja wa brashi laini.

Sindano ina mikato mitano juu, na klipu huwa ya katikati. Ukiishusha klipu mkato mmoja, sindano inapanda na petroli inaongezeka. Fanya hivyo kama injini inasita ukiwa nusu mafuta.

Kuhusu skrubu ndogo ya shaba pembeni, angalia iko wapi. Ikiwa upande wa chujio ni ya hewa, ukiifungua petroli inapungua kwenye mchanganyiko. Ikiwa upande wa injini ni ya petroli, ukiifungua petroli inaongezeka. Pasha injini kwa kuendesha dakika kumi. Funga skrubu taratibu mpaka igote bila kuikaza, ifungue mzunguko mmoja na nusu, kisha isogeze robo robo mpaka silensa ipande juu kabisa na itulie. Rudisha silensa kwa skrubu kubwa hadi kama mizunguko 1,400 kwa dakika. Ikiwa injini inatulia vizuri pale tu skrubu ya hewa inapokuwa karibu imefungwa, jeti ndogo haitoshi, kwa mfano toka 35 nenda 38. Ikitaka zaidi ya mizunguko miwili na nusu, jeti ndogo imezidi.

Kabla ya kulaumu jeti, tafuta hewa inayoingia kwa wizi. Silensa ikiwa inaunguruma, nyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio ya kabureta na silindahedi. Mlio ukibadilika, oringi imekufa au flenji ya kabureta imepinda kwa kukazwa kupita kiasi. Isugue juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kioo mpaka ikae sawa. Ekzosi kupiga risasi ukiachia mafuta nako mara nyingi ni hewa inayoingia kwenye ringi ya shaba, au jeti ndogo iliyopungua.

Kusoma plagi

Weka plagi mpya ya D8EA. Tafuta barabara tupu na salama, nenda mafuta yote gia ya nne kama kilomita moja, kisha kamata klachi na kuzima injini kwa wakati mmoja, usirudi na silensa. Plagi ikishapoa uishike, fungua na utazame chini kabisa ambapo kauri inaingia ndani ya chuma. Pete ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi makavu meusi, petroli imezidi. Nyeupe kabisa, hewa imezidi. Ukiona vidoa vidogo vinavyong'aa kama chumvi, simama hapo hapo: hiyo ni aluminiamu ya pistoni. Hewa ikizidi, joto linapanda, na valvu ya moshi na pistoni ndivyo vinavyolipa.

Kuna kipimo kingine cha haraka. Ukiwa mafuta yote, rudisha kidogo tu. Pikipiki ikichomoka mbele, jeti kubwa ni ndogo.

Dar si Mbeya

Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Kabureta haijui hilo, inaendelea kumimina petroli karibu kama ilivyozoea. Jeti ya 105 iliyokaa sawa Dar, Mbeya itatoa masizi na kula mafuta, pale 100 ndiyo yake. Hilo ni hasara ya pesa. Kinyume chake ni hatari zaidi: pikipiki iliyopangwa Mbeya au Nairobi, ikiteremka mpaka pwani kwa jeti ile ile, inakauka petroli kadiri hewa inavyokuwa nzito. Anayehama na pikipiki abebe jeti mbili mfukoni.

Kabureta kubwa

PZ30 ina eneo kubwa kuliko PZ27 kwa karibu asilimia 23. Kwa injini ya cc 200 inafaa. Kwenye 150 ambayo valvu na kemu ni za kiwandani, hewa inapita polepole mdomoni, petroli haipasuki vizuri kuwa ukungu, na ukivuta mafuta ghafla kwa resi ndogo injini inakwama. Mimi nabaki na PZ27 safi yenye jeti sahihi.

Chujio la hewa lisiondolewe. Vumbi la murram ni msasa kwa silinda. Ukitaka hewa zaidi, toboa kifuniko upande wa nje wa chujio, kamwe si kati ya chujio na kabureta, kisha rudi kwenye plagi.

Yote haya yakifanywa vizuri, nguvu ya farasi mmoja wa ziada ni matokeo mazuri. Anayetafuta kupanda mlima na mzigo aanze na sproketi ya mbele: toka meno 15 kwenda 14, mvuto wa gurudumu unaongezeka kwa asilimia 7, kasi ya mwisho ikipungua kidogo. Baada ya kilomita 100 kaza tena nati za flenji injini ikiwa baridi, maana ringi ya shaba huwa imeshajikandamiza.