Dandi: mtanashati wa zama za Ulimbwende

Dandi ni mwanamume wa mjini aliyefanya mavazi kuwa kazi yake, na sehemu ngumu ya kazi hiyo ilikuwa kuficha kwamba amehangaika. Alichipukia London mwishoni mwa karne ya 18, akaigwa Paris, na sura yake imejaa katika picha za rangi za zama za Ulimbwende (Romanticism), mkondo wa sanaa uliotukuza hisia, hasa kati ya 1800 na 1840.

Wengi humdhania mtu wa kumeremeta. La hasha. George Brummell, dandi aliyeigwa kuliko wote, alizaliwa 1778 katika familia isiyo ya kimwinyi, na jina alilipata kwa kupunguza. Hariri, lesi na nakshi za dhahabu aliziweka kando. Alivaa koti la bluu iliyokolea, kizibao cha rangi hafifu, suruali iliyomkaa sawasawa, buti zilizong'arishwa, na shingoni kitambaa cheupe cha kitani kilichotiwa wanga kidogo na kufungwa kwa subira ya ajabu. Uzuri ukahamia kwenye mshono na usafi. Poda ya nywele nayo ilikuwa inaaga: mwaka 1795 serikali ya Uingereza iliitoza kodi ya gini moja (sarafu ya dhahabu ya Uingereza) kwa mwaka, na wengi wakaona heri waoshe vichwa. Urafiki na mwana wa mfalme ulimfungulia Brummell kila mlango, lakini madeni yalimkimbiza hadi Calais mwaka 1816. Alifia Caen mwaka 1840, hana kitu.

Wachoraji walipata mtihani. Waliowatangulia walikuwa na mahameli nyekundu na dhahabu za kuchezea. Wao wakaletewa mtu aliyejifunika nguo nyeusi. Thomas Lawrence, rais wa Royal Academy, chuo cha wasanii cha Uingereza, kuanzia 1820, aliumudu mtihani huo kwa kuusukuma mwanga wote usoni na kwenye weupe wa shingo, huku nyuma mawingu yakitibuka. Ufaransa, mchoraji Girodet alimchora mwandishi Chateaubriand nywele zikipeperushwa na upepo, magofu ya Roma yakiwa nyuma yake. Byron, mshairi, alipenda ukosi wazi. Tusidanganyike: kutofunga shingo nako kulipangwa.

Picha ninayoipenda ni ya Delacroix, mchoraji Mfaransa. Alikwenda London mwaka 1825, akakutana na Lawrence, na mwaka uliofuata akaanza kumchora rafiki yake kijana, Louis-Auguste Schwiter: mwembamba, amevaa nyeusi tii kuanzia mabegani hadi viatuni, amesimama barazani na kofia mkononi, bustani ikififia nyuma yake. Ana haya kidogo, na haya hiyo ndiyo inayompa uhai. Majaji wa Salon ya 1827, maonyesho makuu ya sanaa ya Paris, waliikataa. Baadaye mchoraji Degas, ambaye naye alijua kuchora watu waliovaa nyeusi, aliinunua. Leo iko National Gallery, London.